Maswali ya Wasomaji: Jasho la Sufuria, Kuni Mbichi na Joto Linaloondoka na Mvuke

Barua tano tulizozichagua kwa toleo hili zimetoka jikoni, darasani, stoo ya shule, ughaibuni na kiwandani, na waandishi wake hawafahamiani. Hata hivyo, ukizisoma kwa pamoja utaona kwamba zote zinagusa jambo moja, nalo ni kwamba fueli moja hupewa tarakimu mbili za joto, ya juu na ya chini, na kwamba asiyejua tofauti yake huweza kumshuku muuzaji asiye na kosa au kulipa gharama ambayo hakuitarajia. Nimeanza na barua ya jikoni kwa sababu jibu lake ndilo linalofungua mengine yote.

SWALI: Ndugu Mhandisi, kila ninapobandika sufuria ya maji ya baridi kwenye jiko la gesi, chini yake na ubavuni panatoka jasho jingi, na matone mengine yanadondokea motoni yakalia “chss”. Sufuria haivuji, kwa maana nimeibadilisha mara mbili. Jirani yangu ananiambia kwamba muuzaji wangu wa gesi anachanganya maji kwenye mtungi. Nilipokuwa nikipikia mkaa sikuwahi kuona jambo hili. Je, nimekuwa nikiibiwa? (Mama lishe, Tanga)

JIBU: Mama, sufuria yako ni nzima, na jasho hilo peke yake halimtii muuzaji hatiani. Maji unayoyaona hayakutoka kwenye mtungi, bali yametengenezwa hapo hapo motoni. Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili zimeundwa kwa kaboni na hidrojeni. Zinapoungua, kaboni hushikana na oksijeni ya hewani ikawa hewa ukaa, nayo hidrojeni hushikana na oksijeni hiyo hiyo ikawa maji. Kila kilo moja ya gesi hiyo inapoungua sawasawa huzaa takriban kilo 1.6 za maji, yaani mtungi wako wa kilo 15 ukiisha utakuwa umetengeneza lita 24 hivi, ndoo kubwa nzima na ziada. Huyaoni kwa sababu yanatoka yakiwa mvuke, yakapanda na hewa ya moto hadi darini na madirishani.

Sasa mvuke huo unapokutana na bati la sufuria iliyojaa maji ya baridi, hurudi kuwa maji, kama vile glasi ya maji ya barafu inavyotoka jasho ikiwa mezani. Tazama kesho asubuhi: jasho litakuwa jingi katika dakika ya kwanza na ya pili, litaanza kupungua maji ya ndani yanapokuwa vuguvugu, na kabla hayajafika nyuzi 60 za Selsiasi sufuria itakuwa kavu kabisa, ingawa moto ni ule ule na gesi ni ile ile. Mkaa hauna jasho la kiasi hicho kwa kuwa hidrojeni nyingi iliyokuwa kwenye mti ilikwisha kuondoka na moshi ndani ya tanuri, na kilichobaki karibu chote ni kaboni.

Naomba uvumilie kidogo, kwa maana jasho hilo lina jambo ambalo wasomaji wengine wa leo watalihitaji. Ili maji yawe mvuke ni lazima yapewe joto, na joto hilo halipotei, bali linakaa ndani ya mvuke bila kuonekana kwenye kipimajoto, ndiyo maana vitabu vya shule huliita joto fiche. Mvuke unaporudi kuwa maji hulirudisha lote, megajuli 2.44 kwa kila kilo ya maji. Kwa hiyo katika zile dakika mbili za jasho sufuria yako inapokea moto wa kawaida na juu yake inarudishiwa joto fiche la mvuke ulioigusa, na inapokauka nyongeza hiyo inakwenda darini. Ukihesabu joto lote la gesi pamoja na lile linaloweza kurudishwa na mvuke, unapata thamani ya joto ya juu. Ukihesabu kana kwamba mvuke wote umeondoka na joto lake fiche, unapata thamani ya joto ya chini. Kwa mtungi wa kilo 15, ya juu ni takriban megajuli 750 na ya chini ni takriban 690. Tofauti hiyo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 180 za maji ya bomba, kama isingepotea hata chembe.

Kuhusu wizi, ipo njia ya kujihakikishia isiyohitaji jirani. Maji ni mazito kuliko gesi iliyo katika hali ya kimiminika, kwa hiyo yangekuwamo mtungini yangekaa chini kabisa, na jiko halingeyapata kwa kuwa vali huchota hewa ya juu. Ambacho kingetokea ni mtungi kuisha gesi ukiwa bado mzito. Kwenye kola ya mtungi pamechapwa uzito wa mtungi mtupu, hivyo gesi ikiisha uweke kwenye mizani ulinganishe. Ukilingana, mwambie jirani.

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Katika maktaba yetu kitabu kimoja kinasema kilo moja ya methani ina megajuli 55.5, na kingine kinasema 50.0. Wenzangu wanadai kimoja kina kosa la uchapaji. Kipi ni sahihi, na tarakimu hizi hupimwaje? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vitabu vyote viwili ni sahihi, ila kila kimoja kimesahau kukuambia kinazungumzia joto lipi, na kwa maoni yangu usahaulifu huo ni mbaya kuliko kosa la uchapaji, kwa sababu kosa la uchapaji mtu hulishtukia. Chukua karatasi uhakikishe mwenyewe. Gramu 16 za methani zikiungua hutoa gramu 36 za maji, kwa hiyo kilo moja hutoa kilo 2.25. Zidisha kwa 2.44, unapata megajuli 5.5, ambazo ndizo tofauti kamili kati ya vitabu vyako viwili. Huenda umefundishwa 2.26 badala ya 2.44. Hiyo ya 2.26 ni ya maji yanayochemka kwa nyuzi 100, ilhali majedwali ya fueli kwa kawaida huhesabiwa kwa nyuzi 25, ambako kuyageuza maji kuwa mvuke kunataka joto zaidi.

Kipimo kinachotumika hadi leo ni mtoto wa kile alichokibuni mwanakemia wa Ufaransa Marcellin Berthelot mwaka 1881, nacho huitwa kalorimita ya bomu, ingawa kikifanya kazi sawasawa hakilipuki. Gramu moja hivi ya fueli huwekwa kwenye kikombe kidogo ndani ya chombo cha chuma kizito, waya mwembamba ukagusishwa juu yake, kifuniko kikakazwa, kisha ndani ikashindiliwa oksijeni safi yenye mgandamizo wa karibu mara 30 ya hewa ya kawaida. Chombo chote huzamishwa katika maji yaliyopimwa, mara nyingi kilo mbili hivi, na waya ukipitishwa umeme fueli huungua kufumba na kufumbua. Hapo mpimaji huanza kutazama kipimajoto cha maji. Kupanda kwake ni nyuzi chache tu, mbili au tatu, ndiyo maana kipimajoto hicho husomwa hadi sehemu ya elfu ya nyuzi moja. Kabla ya kupima fueli yoyote, chombo hujaribiwa kwa asidi ya benzoiki, ambayo joto lake linajulikana barabara: kilojuli 26.4 kwa gramu.

Jambo ambalo walimu wengi hulipita haraka ni hili. Ukifungua bomu baada ya kupima, kuta zake za ndani utazikuta zina unyevu, kwa sababu mvuke uliotokana na hidrojeni umepoa na kurudi kuwa maji humo humo, ukiwa umekwisha kukabidhi joto lake. Basi chombo hiki hupima thamani ya juu tu. Ile ya chini hakuna chombo cha bomu kinachoipima moja kwa moja: hupatikana kwa kutoa, na ili uitoe ni lazima uambiwe fueli ina hidrojeni kiasi gani na unyevu kiasi gani. Ukiona mtu anakupa thamani ya chini ya makaa au ya kuni bila kukutajia unyevu, muulize ameipataje.

Utauliza kwa nini basi watu wahangaike na hesabu ya kutoa. Ni kwa sababu mashine nyingi haziwezi kulipata joto la mvuke. Moshi wa injini hutoka ukiwa na nyuzi mia kadhaa, na dohani za viwanda vinavyochoma makaa ya mawe au mafuta mazito huachwa ziwe za moto kwa makusudi, kwa kuwa salfa iliyomo ikikutana na maji huwa asidi inayokula chuma. Kwa mhandisi wa mtambo kama huo, joto la mvuke ni mali iliyo katika sanduku asilo na ufunguo wake, hivyo huona afadhali asilihesabu. Tofauti yenyewe hutegemea hidrojeni: kwa kaboni tupu hakuna kabisa, kwa dizeli ni asilimia 6 hivi ya thamani ya juu, kwa gesi ya mitungi 8, kwa methani 10, na kwa hidrojeni yenyewe, ambayo kilo moja huzaa kilo 9 za maji, ni zaidi ya 15, kutoka megajuli 142 hadi 120.

SWALI: Mhandisi, mimi ni mtunza stoo wa shule ya bweni ambayo bado inapikia kuni. Msambazaji wetu huleta kuni zilizokatwa wiki hiyo hiyo, na sisi humlipa kwa kilo. Mpishi analalamika kwamba kuni mbichi zinamtesa na zinaisha upesi. Mwalimu wa sayansi naye anasema kwamba joto la kuni liko kwenye mti wenyewe, maji hayaongezi wala hayapunguzi mti, kwa hiyo kuni ni zile zile ziwe mbichi ziwe kavu. Tumsikilize nani? (Mtunza stoo, Njombe)

JIBU: Kaka, mwalimu hajasema uongo, ila hesabu yake ni ya thamani ya juu na mpishi anapikia thamani ya chini. Tuzitenganishe.

Chukua kilo 100 za kuni mbichi ambazo nusu ya uzito wake ni maji, jambo la kawaida kwa mti uliokatwa juzi. Ndani yake mna kilo 50 za mti mkavu, na kwa kuwa mti mkavu una takriban megajuli 20 kwa kilo kwa thamani ya juu, jumla ni megajuli 1,000. Sasa ziache kuni hizo hizo zikauke hadi maji yabaki sehemu moja kwa tano. Uzito utashuka hadi kilo 62.5, lakini mti mkavu uliomo ni zile kilo 50, na megajuli ni zile 1,000. Mpaka hapa mwalimu ameshinda.

Lakini hebu tuyahesabu maji yanayotoka na moshi. Kuni mbichi zina kilo 50 za maji yake yenyewe, na hidrojeni iliyo katika mti, ambayo ni karibu asilimia 6 ya mti mkavu, itazaa kilo nyingine 27. Jumla ni kilo 77 za mvuke, zinazoondoka na megajuli 188, hivyo kinachobaki kwa ajili ya sufuria ni 812. Zile zilizokauka zina maji yake kilo 12.5 tu pamoja na zile 27 za hidrojeni, mvuke wao unachukua megajuli 96, na zinabaki 904. Mti ni ule ule, lakini jua limekufanyia kazi ya megajuli 92 bila malipo. Utaona kwamba thamani ya juu haioni tofauti yoyote kati ya kuni mbichi na kavu, na ndiyo sababu kwa mambo ya kuni watu waliozoea hawaitumii bila kuikata unyevu.

Hayo ni kwa mzigo mmoja unaokaushwa. Wewe hata hivyo unalipa kwa kilo, na hapo ndipo shule inapoumia. Kilo 100 za kuni zilizokauka kwa kiwango nilichokitaja zina megajuli 1,446 kwa thamani ya chini, dhidi ya 812 za kilo 100 za kuni mbichi. Kama bei ya kilo ni moja, basi kwa kila shilingi mnayomlipa msambazaji mnapata joto la senti 56, na zinazobaki mmenunua maji, tena maji ambayo itabidi muyachemshe kwanza kabla ya maharage. Nunueni kwa ujazo, yaani kwa mzigo uliopangwa ukapimwa kwa urefu, upana na kimo, au kama ni lazima iwe kwa kilo, wekeni kiwango cha unyevu kwenye makubaliano.

Kuupima unyevu si kazi ngumu. Kata kipande katikati ya gogo, si kwenye ncha, kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke mahali pa moto usiounguza hadi uzito wake uache kubadilika, kisha gawanya uzito uliopotea kwa uzito wa mwanzo. Angalizo moja: wataalamu wa misitu huugawa uzito uliopotea kwa uzito wa mti mkavu, kwa hiyo kuni zenye nusu maji wao huzisema zina unyevu wa asilimia 100. Msambazaji na shule waafikiane mapema wanagawa kwa kipi.

Mpishi wako nimemweka mwisho kwa kuwa yeye ana haki kuliko hesabu yangu. Nimekaa mbele ya mafiga yenye kuni mbichi: ncha ya nje ya ukuni inafoka na kutoa povu jeupe, moshi mzito unatambaa juu ya sufuria badala ya mwali, na mpishi anapuliza huku machozi yanamtoka. Ule moshi ni fueli iliyoshindwa kuungua kwa sababu maji yameupoza moto. Thamani ya chini inachukulia kwamba kila kitu kimeungua hadi mwisho, na haihesabu hasara hiyo, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko zile megajuli 92. Jengeni banda lenye paa na lisilo na kuta, lenye akiba ya miezi kadhaa, na kuni zilizoingia kwanza ziwe za kwanza kutoka.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, ninaishi Bremen, Ujerumani. Karatasi ya boila (mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto) la zamani kidogo lililo kwenye nyumba niliyopanga inasema ufanisi wake ni asilimia 108. Tulifundishwa kwamba hakuna mashine inayotoa zaidi ya inachopewa. Isitoshe, kwenye bili ya gesi nimekuta neno Brennwert na kwenye karatasi ya boila neno Heizwert. Je, kuna mchezo? (Msomaji, Bremen)

JIBU: Ndugu, ulichofundishwa kiko pale pale. Heizwert ni thamani ya chini na Brennwert ni thamani ya juu, na hao Wajerumani wamefanya jambo la maana kwa kuzipa majina mawili yasiyofanana, jambo ambalo lugha nyingi hazikulifanya. Mchezo, kama ni lazima tuuite hivyo, ni kwamba boila lako lilipimwa kwa rula moja na gesi yako inauzwa kwa nyingine.

Boila la aina hiyo hufanya kwa makusudi kile ambacho sufuria ya mama wa Tanga hufanya kwa bahati: huupoza moshi kwa maji baridi yanayorudi kutoka kwenye vyuma vya kupasha vyumba joto, mpaka mvuke unarudi kuwa maji na kukabidhi joto lake. Kwa kuwa thamani ya chini ilikwisha kulitoa joto hilo kwenye hesabu, linapopatikana huonekana kama nyongeza iliyotoka mbinguni, na ufanisi ukapita 100. Kwa gesi asilia kilele cha hesabu hiyo ni asilimia 111. Gawanya 108 kwa 1.11, utapata 97, ambao ndio ufanisi wa kweli na ni mzuri sana. Tangu Septemba 2015 kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka ufanisi wa maboila mapya uandikwe kwa thamani ya juu, kwa hiyo ukiona boila jipya limeandikwa asilimia tisini na kitu usidhani kwamba ni duni kuliko la kwako.

Bili yako nayo inasomeka hivi: mita za ujazo zilizosomwa kwenye mita huzidishwa kwa Brennwert ya gesi ya eneo lako, kisha kwa tarakimu ya kurekebisha mgandamizo na jotoridi. Tuseme umetumia mita za ujazo 100, Brennwert ni 11.2 na marekebisho ni 0.95. Utatozwa kilowati-saa 1,064. Kwa Heizwert gesi hiyo hiyo ingehesabiwa kuwa takriban 958. Asilimia 108 ya 958 na asilimia 97 ya 1,064 ni kitu kimoja, kilowati-saa 1,030 na ushei, na hizo ndizo zilizoingia vyumbani mwako.

Hata hivyo asilimia 97 si haki ya kuzaliwa. Moshi wa gesi asilia huanza kutoa umande unaposhuka chini ya nyuzi 55 hivi, kwa hiyo kama maji yanayorudi kwenye boila yana nyuzi 60 au 65, mvuke unapita ukiwa mzima na umelipia boila la kisasa linalofanya kazi kama la kale. Lipo jaribio la jioni moja. Chini ya boila kuna bomba dogo la plastiki linalopeleka maji ya mvuke kwenye mtaro. Likinge kwa ndoo mpaka mita ya gesi ihesabu mita moja ya ujazo. Kama mvuke wote ungerudi, ungekinga lita moja na nusu hivi, na ukikuta robo tatu ya lita ujue kwamba nusu ya joto lake limerudi. Ukikuta ndoo kavu, mwambie mwenye nyumba amwite fundi ashushe jotoridi la maji. Maji hayo yana uchachu kidogo wa asidi, usiyanyweshee maua.

SWALI: Kiwanda chetu kiko Dar es Salaam na kinatumia gesi asilia. Tulinunua jenereta ya gesi ya kilowati 1,000, na muuzaji akatuandikia ufanisi wa asilimia 40. Baada ya mwaka, tukilinganisha uniti za umeme na bili za gesi, tunapata asilimia 36. Uongozi unataka kumshitaki. Tafadhali tushaurini kabla hatujaenda kwa wakili. (Fundi mkuu, Dar es Salaam)

JIBU: Ndugu fundi, kabla ya wakili gawanya 40 kwa 1.11. Jibu ni 36.

Gesi ya Songo Songo, ambayo ilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2004, karibu yote ni methani, kwa hiyo thamani yake ya juu inaizidi ya chini kwa asilimia 11 hivi. Watengenezaji wa injini na mitambo ya gesi huandika ufanisi kwa thamani ya chini, kwa sababu niliyomweleza mwanafunzi wa Dodoma: moshi wa injini hautoi umande kamwe. Wauzaji wa gesi asilia, kwa desturi ya biashara hiyo duniani, huhesabu BTU, yaani kile kipimo cha joto cha Kiingereza kinachotumika kuuzia gesi, kwa thamani ya juu. Kila mmoja ana hoja katika nyumba yake, na mnunuzi ndiye anayesimama mlangoni katikati.

Hebu tuzipitie tarakimu za mtambo wenu. Kilowati 1,000 kwa ufanisi wa asilimia 40 zinataka gigajuli 9 (yaani megajuli 9,000) kwa saa, sawa na BTU milioni 8.53, na hiyo bila shaka ndiyo tarakimu iliyokuwa kwenye makadirio ya gharama. Lakini gesi yenye gigajuli 9 kwa thamani ya chini huuzwa kama gigajuli 9.99, yaani BTU milioni 9.47. Mtambo ukifanya kazi usiku na mchana kwa nguvu zake zote, mnalipia BTU milioni 22 na nusu zaidi kila siku kuliko mlivyokadiria, bila ya injini kuwa na hitilafu wala muuzaji kusema uongo. Kosa lilifanyika siku ile makadirio yalipochukua ufanisi kwenye karatasi moja na bei kwenye karatasi nyingine bila kuuliza kama karatasi hizo zinazungumzia joto la aina moja.

Simaanishi kwamba muuzaji hana lawama yoyote. Mtu anayefahamu kwamba mteja wake atalipa kwa thamani ya juu, akamwandikia kwa thamani ya chini bila kulitaja neno hilo, amekaa kimya mahali alipopaswa kusema. Isomeni upya karatasi ya maelezo ya mtambo, hasa maandishi madogo ya chini. Mara nyingi mtakuta imetajwa kwamba matumizi ya fueli ni kwa thamani ya chini, na kwamba yanaweza kuzidi kwa asilimia 5 kwa mujibu wa kiwango cha ISO 3046. Kama imetajwa, sioni kesi. Kama haikutajwa popote, mnayo barua ya kuandika, ingawa ningeianza kwa kuomba matokeo ya majaribio ya kiwandani kabla ya kutaja mahakama.

Upande wa gesi, soma kifungu cha mkataba kinachoeleza jinsi BTU zinavyohesabiwa, ujiridhishe kwamba ni thamani ya juu, kwa jotoridi na mgandamizo gani, na kwamba mchanganuo wa gesi uliotumika ni wa karibuni. Kisha siku moja msome mita ya gesi na mita ya umeme kwa saa moja kamili, mtambo ukiwa umebeba mzigo wa robo tatu au zaidi, kwa maana injini iliyobeba mzigo mdogo hula gesi nyingi kwa kila uniti na itawapa tarakimu mbaya ambayo si haki yake. Mkipata asilimia 36 kwa thamani ya juu siku hiyo, mtambo wenu unatimiza ahadi yake. Mkipata 33, niandikieni tena, mkiambatisha na kumbukumbu za matengenezo.